Njegere, kunde, mbaazi au choroko: upande nini, upike nini?

Njegere zangu za kwanza zilikuwa na majani ya kutamanisha. Zilipanda fito hadi juu, zikachanua maua meupe kila kifundo, nami nikaanza kuhesabu mabakuli kabla ya wakati. Kisha likaingia joto. Kila asubuhi nilikuta maua yametapakaa chini, na siku ya kuvuna nilirudi jikoni na maganda ya kujaza kiganja kimoja tu. Mimea haikuugua, wala mbegu hazikuwa mbovu. Nilikuwa nimechagua zao kwa kutazama jedwali la vitamini, sikujiuliza kama hewa ya pale nilipo inalikubali.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kipi bora kati ya njegere na kunde, namrudishia swali: wakati wa maua, mchana wako una joto kiasi gani? Akishanijibu hilo, nusu ya uamuzi imeshafanyika.

Hapa nalinganisha mazao manne ya jamii ya mikunde ambayo watu wengi husita kati yake: njegere, kunde, mbaazi na choroko. Majina yake yana vurugu, tuyanyooshe mapema. Njegere ni zile punje za kijani za mviringo ambazo wengine huziita minji au pizi. Choroko ni punje ndogo za kijani zilizokolea, ambazo kwa wengine ni ndengu au pojo. Dengu kwa wengi ni zao jingine kabisa. Ukienda kununua mbegu, mwombe muuzaji akuonyeshe punje yenyewe. Ukitegemea jina pekee unaweza kurudi na kitu ambacho hukukusudia.

Vigezo nilivyotumia

Nimevipanga kwa uzito ninaovipa mimi. Kwanza joto na maji, kwa sababu hapo huna ujanja mkubwa. Pili muda, nafasi na kazi ya mikono. Tatu udongo. Nne wadudu, shambani na ghalani. Tano lishe. Sita jikoni: kuloweka, kuchemsha, kuni au gesi, na kama walaji wa nyumbani watakubali kula.

Najua wengi wangeanza na lishe. Nimeishusha hadi ya tano makusudi, na sababu utaiona tukifika huko.

Joto na maji

Njegere ni zao la baridi. Hustawi vizuri joto likiwa kati ya nyuzi 13 na 20 za Selsiasi hivi. Miche yake huvumilia hata jalidi nyepesi (umande ulioganda kuwa barafu), ingawa maua na maganda machanga huungua yakipigwa nayo. Joto la mchana likipita nyuzi 27 wakati wa maua, maua hupukutika na maganda yanayobaki hutoka na punje mbili tatu. Maji hutaka ya wastani lakini ya uhakika, hasa kuanzia maua hadi punje kujaa. Hazivumilii kiangazi, na udongo unaotuama maji huozesha mizizi yake.

Kunde ni kinyume. Zinataka udongo wenye joto la nyuzi 18 au zaidi ili ziote vizuri, hufurahia joto la mchana la nyuzi 25 hadi 35, na jalidi moja tu huzimaliza. Zikikosa mvua wiki kadhaa hunywea kidogo na kusubiri. Mahali ambapo maharage yamekata tamaa, mara nyingi kunde bado zinatoa kitu.

Choroko nazo ni za joto, karibu sawa na kunde. Sifa yao ni kwamba humaliza kazi mapema, kwa hiyo huukwepa ukame kuliko kuuvumilia. Udhaifu wao ni maji yanayotuama, na mvua inayonyesha wakati maganda yamekauka. Ikinyesha siku chache mfululizo wakati huo, punje huanza kuota zikiwa bado ndani ya ganda, mkulima akitazama.

Mbaazi hupenda joto la nyuzi 18 hadi 30, na kwa ukame ndizo sugu kuliko zote nne. Mzizi wake mkuu huzama chini hadi karibu mita 2, hivyo mmea hunywa maji ambayo mazao mengine hayafikii. Lakini usiipande bondeni panapojaa maji. Mbaazi iliyosimama kwenye maji siku chache huanza kunyauka, na haipati nafuu kirahisi.

Muda, nafasi na kazi ya mikono

Choroko ndizo za mwenye haraka: siku 60 hadi 75 kwa aina nyingi, nyingine hadi 90. Mimea ni mifupi, haihitaji fito, na sentimita 10 kati ya mche na mche katika mistari iliyoachana sentimita 40 hadi 50 inatosha. Kazi yake iko kwenye kuvuna. Maganda hayakomai kwa pamoja, utapita mara mbili au tatu, na ukichelewa hupasuka yenyewe na kumwaga punje chini. Pita asubuhi maganda yakiwa bado na umande. Mchana wa jua kali utayasikia yakilia pa-pa-pa yakifunguka.

Kunde huchukua siku 60 hadi 90 kwa aina za muda mfupi na wa kati. Faida yake kubwa ni kwamba husubiri punje huku ukila: majani machanga huanza kuchumwa wiki ya tatu au ya nne. Chuma kwa kiasi. Ukiigeuza mboga kila siku, punje zitapungua, na hapo usiilaumu mbegu. Kuna kunde zinazosimama na zinazotambaa. Zinazotambaa hufunika ardhi na kuzuia magugu, ila hazina adabu kwenye bustani ndogo.

Njegere hutoa maganda mabichi baada ya siku 60 hadi 75, na zikikusudiwa kukaushwa huongeza mwezi mmoja au zaidi. Panda kina cha sentimita 3 hadi 5, mbegu na mbegu zikiachana sentimita 5 hadi 8. Hapa ndipo penye kazi ya mikono kuliko yote. Aina fupi za sentimita 60 hujishika zenyewe kwa zenyewe ukizipanda karibu karibu. Ndefu, ambazo hufika mita 1.8, lazima ziwekewe fito, wavu au kamba kabla hazijalala, maana zikishalala hazinyanyuki tena bila kuvunjika. Zikianza kuzaa, utavuna kila baada ya siku mbili, kuanzia chini kwenda juu. Tumia mikono miwili: mmoja ushike shina, mwingine uchume. Wanaovuta kwa mkono mmoja hung'oa mmea mzima, kwa sababu mizizi ya njegere imeshika juu juu. Na ukiyaacha maganda yakomae mmeani, mmea huona umeshamaliza kazi na huacha kuchanua.

Kuna jambo moja ambalo hakuna anayekwambia mapema: maganda. Ukichuma kilo moja ya njegere za kumenya, punje utakazopata ni gramu 350 hadi 400 tu. Kilichobaki ni maganda ya kuwapa wanyama au kutupa kwenye mboji. Ndiyo maana mwenye eneo dogo hushauriwa aina zinazoliwa na ganda lake, ama zile bapa zinazochumwa punje kabla hazijavimba, ama zile nono zinazokatika kama karoti. Humo hakuna kinachotupwa isipokuwa kikonyo.

Mbaazi ni habari nyingine kabisa. Hiki ni kichaka, hufika mita 1 hadi 4. Aina za muda mfupi huvunwa ndani ya siku 100 hadi 120, lakini za muda mrefu huchukua miezi 6 hadi 9. Nyingi kati ya zile za asili husubiri siku zipungue urefu ndipo zichanue, kwa hiyo ukizipanda wakati usio wake hupata kichaka kikubwa kisicho na kitu. Mwezi na nusu wa kwanza hukua polepole mno na magugu huweza kuimeza. Ukishavuka hapo, umepumzika. Baada ya mavuno ya kwanza unaweza kukata matawi, ikachipua na kuzaa tena, hata miaka mitatu hivi ingawa mavuno hushuka. Na mashina yaliyokauka ni kuni nzuri. Kwa sababu ya huo uzembe wake wa mwanzoni, mbaazi hukaa vizuri katikati ya nafaka: nafaka inakimbia, inavunwa, ndipo mbaazi inanyanyuka kutumia nafasi iliyoachwa.

Udongo na vile vinundu

Mazao yote manne hushirikiana na bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi na kuichukua naitrojeni kutoka hewani. Hilo wengi wanalijua. Wasilojua ni namna ya kukagua kama kazi hiyo inafanyika kweli.

Mmea ukikaribia maua, chimba mmoja taratibu na udongo wake, uoshe mizizi kwenye ndoo, halafu pasua kinundu kimoja kwa ukucha. Ndani kikiwa cha waridi au chekundu kama nyama, bakteria wapo kazini. Kikiwa cheupe, kijivu au kijani, hawafanyi kazi, na mmea unakula naitrojeni ya udongo kama zao jingine lolote.

Hapa pana tofauti inayogusa mfuko. Kunde, mbaazi na choroko hutumia bakteria wa kundi moja linalopatikana katika udongo mwingi wa sehemu za joto. Njegere zina bakteria wao wengine, ambao ni wale wale wa adesi na baadhi ya jamaa zake. Kwa hiyo chanjo ya mbegu, yaani bakteria wanaopakwa kwenye mbegu kabla ya kupanda, iliyotengenezwa kwa ajili ya njegere haisaidii kunde, na ya kunde haisaidii njegere. Kama njegere hazijawahi kupandwa shambani kwako, chanjo yake inaweza kuonyesha tofauti kubwa. Kama kunde zimeota hapo miaka yote, huenda huhitaji kununua chochote.

Kosa la kawaida kwa yote manne ni kumwaga mbolea ya naitrojeni. Mmea hunenepa majani, vinundu hupungua, maua hukawia. Samadi iliyooza vizuri kabla ya kupanda, na fosforasi ya kutosha, inatosha. Mbaazi hata kwenye fosforasi ina ujanja wake: mizizi hutoa asidi inayofungua fosforasi iliyong'ang'anizwa na chuma udongoni, na zao linalofuata hunufaika.

Wadudu, magonjwa na ghala

Njegere husumbuliwa na vidukari, wadudu wanaochora njia nyeupe ndani ya jani, na ubwiri unga, ile poda nyeupe inayotokea hewa ikikauka mchana na usiku kukawa na unyevu. Mnyauko wa fusari, unaoletwa na kuvu, hukaa udongoni miaka mingi, hivyo usizirudishe mahali pale pale kabla ya misimu mitatu au minne. Pamoja na hayo yote, njegere ndizo rahisi ghalani. Fukusi wake huingia shambani punje zikiwa changa, na akishatoka haendelei kuzaana kwenye punje kavu.

Kunde ndizo zenye maadui wengi. Vidukari huanza mapema, vithiripi (wadudu wembamba wadogo mno) hula vitumba vya maua, na kiwavi wa maganda huunganisha maua na maganda kwa utando wake na kujificha humo. Anayetaka kunde za punje kwa wingi lazima akague vitumba kila siku mbili tatu. Anayezitaka kwa ajili ya majani ana nafuu.

Choroko hushambuliwa na nzi weupe wanaoeneza ugonjwa wa virusi wa madoa ya njano. Ukiuona mmea wenye majani ya njano na kijani kama shuka la mabaka, ung'oe. Hakuna dawa ya kuuponya. Mbaazi huliwa na funza wa vitumba na kufyonzwa na kunguni wa maganda. Mnyauko wake nao ni wa kuogopwa, maana huua kichaka ambacho umekitunza nusu mwaka. Tafuta aina zinazostahimili, usitegemee kupulizia.

Ghalani sasa. Kunde, choroko na mbaazi zina fukusi wao wasiochoka. Mama hutaga yai juu ya punje, doa dogo jeupe linalong'aa kama tone la gundi. Kiwavi hutoboa kuingia, hula ndani, na baada ya mwezi mmoja hivi penye joto hutoka fukusi mpya kupitia tundu la duara, kamili kana kwamba limechimbwa kwa sindano. Huyo naye hutaga. Gunia la kunde linaweza kugeuka unga na maganda kabla hujafika msimu mwingine. Na kosa huanzia shambani, kwa sababu mayai mengine huja na maganda yenyewe.

Dawa nafuu ni kunyima hewa. Kausha hadi punje ipasuke ukiiuma, isibonyee. Jaza ndani ya chombo kisichopitisha hewa, hadi juu kabisa, kisha kifunge. Fukusi waliomo huimaliza oksijeni na kufa. Mifuko ya tabaka tatu inayotumika leo kwa nafaka za kila aina ilibuniwa mwanzoni kwa ajili ya kunde. Chupa za plastiki zenye vifuniko vya kukaza nazo hufanya kazi kwa akiba ya nyumbani, mradi zisitoboke. Mwenye friza aweke punje kavu humo wiki moja kabla ya kuzihamishia kabatini.

Lishe: jihadhari na maji

Hii ndiyo sehemu iliyonidanganya mimi. Ukisoma jedwali, utaona mbaazi zina protini gramu 22 hivi kwa gramu 100, na njegere gramu 5. Mara nne! Lakini mbaazi zile zilipimwa zikiwa kavu, hazijapikwa, kama mawe, na njegere zilipimwa zikiwa za kijani, maji matupu karibu asilimia 80. Hakuna anayekula mbaazi kavu kwa kutafuna. Zichemshe, zinywe maji, upime tena. Pengo linakaribia kufungika.

Kwa gramu 100 za chakula kilichochemshwa bila chumvi, hesabu huwa takriban hivi:

| | Nishati (kilokalori) | Protini (g) | Nyuzinyuzi (g) | Madini chuma (mg) | Foleti (mikrogramu) |
|---|---|---|---|---|---|
| Njegere za kijani | 84 | 5.4 | 5.5 | 1.5 | 63 |
| Njegere kavu zilizopasuliwa | 118 | 8.3 | 8.3 | 1.3 | 65 |
| Kunde | 116 | 7.7 | 6.5 | 2.5 | 208 |
| Mbaazi kavu | 121 | 6.8 | 6.7 | 1.1 | 111 |
| Choroko | 105 | 7.0 | 7.6 | 1.4 | 159 |

Kwa protini, tofauti kati ya punje kavu za aina hizi ni ndogo. Kijiko kimoja zaidi kwenye sahani huifuta. Penye tofauti ya kweli ni foleti, moja ya vitamini za kundi B, na hapo kunde zinaongoza waziwazi. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 400 kwa siku na mjamzito 600, kwa hiyo bakuli la kunde si jambo dogo kwake, ingawa haliondoi haja ya vidonge alivyoandikiwa kliniki.

Upande wa njegere za kijani ni vitamini C. Zikiwa mbichi zina miligramu 40 hivi kwa gramu 100. Ukizichemsha kwenye maji mengi hubaki kama 14. Punje kavu za aina zote hazina vitamini C ya kutajika. Inapatikana kwenye mbaazi zilizochumwa zikiwa za kijani, kwenye majani ya kunde, na kwenye choroko zilizooteshwa. Na vitamini C ina kazi ya pili: husaidia mwili kuchukua madini chuma ya mimea, ambayo kwa kawaida huchukuliwa kwa shida. Limau au nyanya kwenye sahani hiyo hiyo hufanya kazi. Chai ukinywa pamoja na mlo huharibu.

Protini za mikunde zina lisini nyingi na methionini kidogo (vyote viwili ni vijenzi vya protini), nafaka ni kinyume chake. Ukizila zote mbili ndani ya siku moja umekamilisha hesabu, na si lazima ziwe sahani moja.

Tahadhari mbili za haraka. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze ghafla kula majani ya kunde kila siku, kwa sababu ya vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Aongee na daktari kwanza. Na mtoto anayeanza kula asipewe njegere nzima, ziponde.

Jikoni

Njegere za kijani hupikwa dakika 3 hadi 5. Zaidi ya hapo unaziharibia rangi. Shida yake ni kwamba sukari huanza kugeuka wanga mara tu zinapochumwa, hivyo njegere za jana si tamu kama za leo. Kama huwezi kuzila siku hiyo, zichovye kwenye maji yanayochemka dakika moja na nusu, zitie kwenye maji ya barafu, zichuje, zigandishe. Za friza zilizoshughulikiwa hivyo huzishinda zile zilizokaa siku nne kwenye kapu, nasema hivyo bila haya.

Kuhusu utamu, tazama mbegu. Zenye mikunjo hutoa njegere tamu zaidi, kwa sababu zina kasoro ya kurithi katika kutengeneza wanga na sukari hubaki nyingi. Zenye ngozi laini ya mviringo ni za wanga, hustahimili udongo wa baridi na hufaa kukaushwa. Ni tofauti hiyo hiyo aliyoifuatilia Gregor Mendel, mtawa aliyechunguza namna sifa zinavyorithiwa, kwenye bustani ya monasteri huko Brno, akachapisha matokeo mwaka 1866.

Choroko kavu hazihitaji kulowekwa, huiva kwa dakika 30 hadi 45, na kwa wengi hujaza gesi tumboni kidogo kuliko wenzake. Unaweza pia kuziotesha: loweka usiku mmoja, chuja, suuza mara mbili au tatu kwa siku, na baada ya siku tatu hadi tano una mboga bila shamba. Mjamzito na mwenye kinga dhaifu wazipike hadi ziive, maana joto na unyevu vinavyoziotesha huwafurahisha bakteria wabaya pia.

Kunde huiva kwa dakika 45 hadi 60, kuloweka ni hiari yako. Mbaazi kavu ziloweke usiku kucha, kisha uzipe saa moja hadi moja na nusu. Njegere kavu nzima ziko katikati. Zilizopasuliwa huiva kwa dakika 30 hadi 45 na kugeuka uji mzito wenyewe. Kwa zote, maji ya kuloweka yamwagwe, gesi itapungua. Magadi hulainisha haraka lakini huua vitamini B1. Punje zilizokaa miaka mingi hugoma kulainika hata ufanye nini, hivyo andika mwaka kwenye chombo.

Zinamfaa nani

Njegere zinamfaa mwenye msimu wa baridi wa miezi miwili au mitatu, anayependa kuvuna kidogo kidogo na kula siku hiyo hiyo, na mwenye watoto wasiotaka mboga. Mtoto akila njegere alizochuma mwenyewe, mjadala umekwisha. Hazimfai asiyeweza kumwagilia.

Kunde ni za mwenye joto, mvua za kubahatisha na familia inayohitaji majani leo na punje kesho. Hazimfai mtu asiyependa kuangalia wadudu.

Mbaazi ni za mwenye ardhi, subira na ukame. Pia ni za mwenye udongo uliochoka, mwenye mteremko unaomomonyoka, au anayepika kwa kuni. Mpangaji atakayehama baada ya miezi minne aachane nazo, au atafute aina fupi.

Choroko ni za mwenye dirisha fupi kati ya zao na zao, mwenye mafuta au gesi kidogo ya kupikia, na asiye na ardhi kabisa anayetaka kuotesha kwenye bakuli. Mkulima ambaye mvua humkuta wakati wa kuvuna afikirie mara mbili.

Kulingana na hali yako

Mchana wako hauzidi nyuzi 22 na maji unayo: anza na njegere, aina za kuliwa na ganda kama eneo ni dogo. Mchana unapita nyuzi 28: ziache njegere kwa msimu mwingine, chagua kati ya kunde na choroko. Mvua yako ni wiki nane tu, choroko. Hujui mvua itaisha lini, kunde. Una mpaka wa shamba usiotumika, panda mbaazi hapo na uendelee na mambo mengine.

Una joto na baridi kwa zamu ndani ya mwaka? Basi huna haja ya kuchagua. Kunde au choroko wakati wa joto, njegere wakati wa baridi, na kitu kisicho cha jamii ya mikunde katikati ili magonjwa yakose mwenyeji.

Hulimi, unanunua tu: weka kavu mbili kabatini, moja ya kuiva haraka na moja ya kushibisha, na njegere za friza kwa siku ambazo umechoka. Za kopo zichuje na uzisuuze, chumvi itapungua.

Na kama mbegu unazo tayari, za kupewa au za mwaka juzi, usikimbilie shamba. Hesabu punje 10 za kila aina, zikunje kwenye kitambaa chenye unyevu, ziweke mahali pa kivuli chenye uvuguvugu, na uzifungue baada ya siku saba. Zikiota 8 au zaidi, panda. Zikiota 5 hadi 7, panda mara mbili ya kiasi. Chini ya hapo, hizo zipike kama hazijatiwa dawa, na utafute nyingine.